Unataka Kujifunza Ufinyanzi Kalemie? Vidokezo 12 Kabla Hujachafua Mikono

Kalemie haikosi udongo. Chimba msingi wa nyumba, chimba shimo la choo, au pita kando ya mto Lukuga baada ya mvua, viatu vyako vitakueleza. Kinachokosekana ni watu wa kukaa pamoja na kuufanyia kazi. Sufuria za aluminiamu na ndoo za plastiki zimechukua jiko zima, na kijana wa mjini akiona mtungi, mara nyingi ni kwa bibi, tena umekaa pembeni na kuku wanalalia ndani yake.

Darasa la ufinyanzi halihitaji jengo. Parseli yenye mwembe, pipa la maji, bashi la zamani na watu wachache wanaokubali kukutana kila Jumamosi, basi karakana imeshapatikana. Vidokezo hivi ni vya anayetaka kuanzisha kikundi cha namna hiyo katika kartie yake, au kujiunga na kilichopo.

1. Tafuta mama kwanza, mashine baadaye

Wengi wanaotamani kazi hii huanzia kwenye simu. Wanaona video za watu wa Ulaya wakizungusha gurudumu la umeme, kisha wanakata tamaa kwa sababu mashine yenyewe haipatikani kirahisi. Mwalimu wako yuko karibu zaidi ya hapo. Katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo chungu kilikuwa kazi ya wanawake, na wapo mama wazee ambao mikono yao haijasahau. Mji wetu umepokea watu wengi waliokimbia mapigano ya Batwa na Waluba tangu miaka ya 2010, wakitoka vijiji vya ndani. Uliza kwao. Uliza kanisani, uliza sokoni kwa wauza vyombo vya udongo: anayeuza hakosi kumjua anayefinyanga.

Ukimpata, usimwendee kama unayekodi baiskeli. Nenda na mtu anayemfahamu, beba sabuni au sukari, salimia, kaa, zungumza mambo mengine kwanza. "Mama, nimesikia unajua kazi ya nyungu, naomba nikae karibu nione" itakufikisha mbali kuliko "Mama, somo moja ni bei gani?" Bei itakuja, na lazima ije, kwa sababu kikundi kisichomlipa mwalimu wake hakidumu. Ila isiwe neno la kwanza.

Na kama kuna anayedhani kujifunza kwa mama wa kijijini ni kushuka hadhi, amtazame Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kusoma sanaa Uingereza, na mwaka 1974 akafika Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Huko alijifunza kwa wanawake waliojenga mitungi kwa mikono mitupu, akiwemo Ladi Kwali, ambaye leo picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Kazi za Odundo sasa ziko katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunukia heshima ya Dame. Hadi leo hujenga vyombo vyake kwa mkono.

2. Pima udongo kabla ya kuubeba

Hapa ndipo kikundi kinapookoa jasho lake au kulipoteza. Udongo ni mzito, na kubeba magunia manne hadi nyumbani ndipo ugundue kwamba ni mchanga mtupu ni adhabu isiyo na sababu. Beba konzi chache tu kwanza, za sehemu mbalimbali, kisha zipitishe kwenye majaribio.

La kwanza ni la kidole. Lowesha udongo, ukande, uviringishe uwe kamba yenye unene wa kalamu, kisha uizungushe kwenye kidole. Ikizunguka bila kupasuka, endelea. Ikikatika vipande, udongo huo hauna unato wa kutosha: utafaa matofali, si chungu.

La pili ni la chupa. Jaza chupa inayoonyesha ndani nusu kwa udongo na nusu kwa maji, tikisa kwa nguvu, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, na udongo wenyewe wa mfinyanzi juu. Utaona kwa macho umebeba nini.

La tatu ni la rula. Tengeneza kipande bapa, kikwaruze alama mbili zenye umbali wa sentimita 10, kikaushe, kichomwe pamoja na vyombo vingine, kisha pima tena. Udongo wote husinyaa. Ukipoteza sentimita moja ni jambo la kawaida. Ukipoteza zaidi ya hapo, vyombo vyako vinaweza kupasuka wakati wa kukauka, na dawa yake iko katika kidokezo kinachofuata.

Jaribio la nne ni la wakaaji wa pwani ya ziwa, nalo msiliruke. Ziwa Tanganyika lina konokono mkubwa, anayeitwa na wataalamu Neothauma, ambaye maganda yake yametandazwa chini ya maji kwa wingi kiasi kwamba kuna samaki wadogo wanaoyafanya nyumba. Udongo uliochimbwa karibu na ufuko unaweza kuwa na vipande vya maganda hayo. Ganda ni chokaa. Likichomwa kwa moto mkali linageuka chokaa hai, na chokaa hai ikinyonya unyevu wa hewa inavimba. Chungu kitatoka motoni kizuri, utakiweka kwenye kabati, na siku chache baadaye kitaanza kurusha magamba ukutani mwake bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo dondoshea siki juu ya udongo mkavu. Ukichemka kwa mapovu, uache hapo hapo na uende kuchimba mbali na ufuko. Udongo wa kichuguu ni mbadala mzuri, kwa kuwa mchwa wameshauchuja.

Neno la mwisho kuhusu kuchimba. Omba ruhusa kwa mwenye shamba au kwa chifu. Msichimbe kwenye kingo za Lukuga chini ya nyumba za watu. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii ya karibuni tuliona kingo zikiondoka na kuta za nyumba, na hakuna sababu ya kuyasaidia. Na kwenye matete, kumbuka mamba.

3. Udongo mtupu haupiki sombe

Chungu cha kupikia kinawekwa juu ya moto kikiwa baridi, kinamwagiwa maji kikiwa moto, kinashushwa, kinapandishwa. Udongo laini mtupu hauwezi vurugu hiyo. Ndiyo maana wafinyanzi wa zamani walisaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, wakapepeta, wakachanganya unga wake na udongo mpya. Vijipunje hivyo huufanya udongo usinyae kidogo, na ufa unapoanza hukwama kabla ya kufika mbali. Mchanga nao unafaa. Anza na sehemu moja ya unga wa vigae kwa sehemu tano za udongo, pima, ongeza au punguza.

Kwa hiyo mtu akivunja chombo darasani, asicheke wala kulia. Kiko njiani kuelekea kwenye kinu.

4. Kanda, na kanda tena

Loweka udongo, toa mizizi na mawe, uache ulale ndani ya plastiki kwa majuma kadhaa ukiweza. Kisha kanda kwa uzito wa mwili wako wote, mabega yakisukuma, hadi ukiukata kwa waya uone rangi moja isiyo na mistari wala mashimo. Hakuna njia ya mkato. Hii pia ndiyo kazi ya kumpa mgeni siku ya kwanza: atakayerudi Jumamosi ya pili, huyo amekuja kwa kweli.

5. Kibakuli kabla ya mtungi

Kila anayeanza anataka kutoa mtungi mkubwa wa kumpelekea mama mkwe. Subiri. Chukua donge linaloenea kiganjani, tumbukiza kidole gumba katikati, finya ukizungusha, hadi ukuta uwe na unene uleule kila mahali. Unene sawa ndiyo siri nzima: penye unene usiolingana, upande mmoja hukauka kabla ya mwingine na ufa hupita mpakani.

Baada ya vibakuli, ingia kwenye kamba za udongo. Viringisha, zungusha juu ya kitako, panga moja juu ya nyingine. Kabla ya kuunganisha chochote, chanja sehemu zote mbili kwa uma au mwiba na upake uji wa udongo katikati, kisha bonyeza na kulainisha kwa ndani na kwa nje. Mkono wa kikombe uliobandikwa bila kuchanjwa utadondoka, na utachagua kudondoka chai ikiwa ndani. Ukifika sentimita 15 hivi za urefu, simama, acha ukuta ukakamae kidogo, ndipo uendelee. Anayeharakisha hapa anapata kitu kilichokaa chini na kupanuka kiuno.

6. Gurudumu ni ziada

Kikundi kikitaka gurudumu la mguu, fundi wa gereji anaweza kulitengeneza: ekseli ya gari kuukuu, bearing mbili, kichwa cha chuma juu, na duara la zege chini la kupigwa teke. Lina faida kwa vikombe na bakuli vinavyofanana. Lakini msiliweke kama sharti la kuanza. Ladi Kwali alizunguka yeye mwenyewe, akitembea kuuzunguka mtungi wake huku mikono ikipandisha ukuta, na mitungi yake ilikuwa na mviringo wa kuwatia wivu wenye mashine.

7. Upepo wa ziwa ni adui wa chungu kibichi

Kiangazi chetu kina upepo wa kusini-mashariki unaokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kwa chungu kibichi ni balaa: mdomo unakauka asubuhi, kitako bado ni tope jioni, na ufa unatokea kati yao. Kaushia ndani, kivulini, mbali na mlango. Funika mdomo kwa plastiki ili kitako kipate kukauka pamoja nao, geuza chombo kila siku, na mikono midogo kama vishikio uifunge kwa kitambaa chenye unyevu.

Utajuaje kwamba kimekauka kweli? Kiweke shavuni. Kikiwa na ubaridi, bado kina maji.

Mtu atakwambia kwamba vyombo hulipuka motoni kwa sababu ya viputo vya hewa. Hilo limerudiwa sana, lakini mkosaji mkuu ni maji. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi inayokaribia mara 1,700 ya ile ya maji. Ukuta wa udongo hauna nafasi hiyo. Kiputo chenye hewa kavu hakina ubaya mkubwa. Kiputo chenye unyevu ndicho hupasua. Kwa wenye haraka: wiki moja zaidi ya kusubiri ni nafuu kuliko kuanza upya.

8. Siku ya moto

Hii ndiyo siku ambayo darasa zima linakuja, hata waliokuwa wametoroka kukanda.

Chagueni uwanja mbali na nyumba za majani, mbali na waya za umeme, na mwambieni jirani mapema ili asianike nguo. Mwenye nguo za nailoni akabadilishe. Ndoo za maji ziwe tayari, na watoto wapewe mstari wa kutovuka. Mchana upepo wa ziwa huwa na nguvu. Washeni jua likielekea kuzama na upepo ukitulia, na giza litawasaidia, kama mtakavyoona.

Vyombo visiingie kwenye moto mkubwa vikiwa baridi. Vipangeni kwanza kuzunguka moto mdogo, vigeuzwe, vipate moshi na joto la polepole kwa saa mbili au tatu hadi vishindwe kushikika kwa mkono. Ndipo mtandaze kuni kavu chini, vyombo juu yake vikiwa vimelazwa au kufudikizwa, vigae vikubwa vya zamani pembeni kuvikinga, kisha kuni nyembamba, magome na majani makavu juu ya vyote. Washeni kutoka upande unakokwenda upepo, ili moto urudi nyuma taratibu badala ya kuruka.

Ndani ya rundo hilo kuna mambo mawili ya kujua. Karibu na nyuzi 600 udongo unapoteza maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na kuanzia hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope hata ukiulaza mtoni mwaka mzima. Chini ya hapo ni udongo uliokauka tu, na mvua ya kwanza itauyeyusha. Ndiyo maana giza ni msaada: chungu kinapoanza kung'aa wekundu hafifu gizani, mmekaribia, na kikiwa chekundu cha kukolea, mmepita. Jambo la pili ni la mchanga. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi hupanuka ghafla, na joto likishuka hapo hujikunja ghafla vilevile. Kwa hiyo msifukue rundo kwa hamu. Mtawaona wafinyanzi wazoefu wakikitoa chungu kikiwa bado chekundu, lakini udongo wao umechanganywa kwa kazi hiyo na wanajua mipaka yake. Nyinyi laleni, mfukue asubuhi.

Hesabu ya kuni ni lazima. Kila chombo kinachochomwa peke yake ni kuni zilizopotea, kwa hiyo kikundi kisubiri hadi rundo lijae. Maranda ya fundi seremala, maganda ya karanga na magunzi yanafaa sana, na hakuna mti ulioangushwa kwa ajili yake.

Na vingine vitapasuka. Hilo lielezwe siku ya kwanza ya darasa, si siku ya moto.

9. Usitamani tanuri la umeme

Umeme wa kituo cha Bendera, na kukatika kwake, tunaujua sote. Tanuri la umeme la ukubwa wa wastani hula kilowati tano au zaidi kwa saa nyingi mfululizo bila kukatizwa, na likikatizwa katikati mnaanza upya. Kikundi kikipata fedha, tanuri la matofali linalotumia kuni, lenye ukuta na chimni, litawapa joto kubwa zaidi ya moto wa uwanjani kwa kuni chache zaidi. Waashi wa kulijenga wapo hapa.

10. Uzuri bila sumu

Usipake chombo cha chakula rangi ya mafuta, wala kitu chochote chenye risasi. Wapo wanaoyeyusha mabetri ya gari kupata risasi ya kufanya vyombo ving'ae. Hiyo ni sumu kwa anayefanya kazi, kwa mtoto anayecheza karibu, na kwa atakayekunywa humo. Kikundi kikiona jambo hilo, likatazwe papo hapo.

Mng'ao upo bure. Chombo kikiwa nusu kikavu, kisugue kwa kokoto laini ya ufukoni, duara ndogo ndogo, bila haraka, hadi kiakisi mwanga. Ukishakuwa mzoefu wa kutoa chombo kikiwa moto, ukikitoa na kukizika mara moja ndani ya majani makavu au maranda, ukikifunika pasipo hewa, moshi utaingia kwenye ukuta na kukifanya cheusi. Odundo hupata weusi wake kwa njia hiyo hiyo ya kunyima moto hewa, na bado weusi wake unashangaza watu. Kabla ya kukitumia jikoni, chemsha ndani yake uji mwepesi wa unga wa muhogo, uache upoe humo. Wanga huziba vitundu, na chungu hakitavuja tena kama kilivyovuja siku ya kwanza.

Kwa maumbo na nakshi, hatuna haja ya kuiga ya mbali. Kusini-magharibi kwetu, Haut-Lomami, kwenye Ziwa Kisale, kuna makaburi ya kale ya Sanga yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, kisha tena miaka ya 1970 na Pierre de Maret. Vyombo vilivyozikwa humo, vingi vya kati ya karne ya 10 na ya 13, ni vya kuheshimika: vina midomo ya kumiminia, vishikio, mistari ya kuchora kwa uangalifu, na kati yake kuna majiko madogo ya udongo ya kubebeka. Mbabula, kwa lugha nyingine, miaka karibu elfu moja kabla ya bati. Tafuteni picha zake, mzichape, mzitundike kwenye mwembe wenu.

11. Maji, kipindupindu na vumbi

Kipindupindu si mgeni Kalemie, kwa hiyo mfinyanzi wa hapa ana dhamana ya pekee. Mtungi hupoza maji kwa sababu yanavuja kidogo kidogo na kukauka juu ya ukuta, yakichukua joto. Kiangazi unapoza vizuri, masika kidogo tu. Lakini mtungi hausafishi maji. Usimwambie mteja unasafisha.

Unachoweza kufanya ni kuubuni usiruhusu mkono. Maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa huchafuliwa tena pale mtu anapotumbukiza kikombe na vidole vyake. Calcutta, India, utafiti wa miaka ya 1980 katika vitongoji maskini ulizipa familia mitungi ya udongo yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii na maji humiminwa tu. Kuenea kwa kipindupindu kulipungua ndani ya nyumba hizo. Basi finyanga shingo ya kuzuia ngumi, na kifuniko kinachokaa. Hiyo ndiyo kazi ninayodhani kila darasa la Kalemie lingepaswa kuifundisha kabla ya chombo cha maua.

Vichujio vya udongo vipo kweli. Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni kimoja mwaka 1981: udongo unachanganywa na unga wa mbao, unga huo unaungua motoni na kuacha vitundu, kisha chombo kinapakwa dawa yenye fedha. Lakini kila kichujio lazima kipimwe kasi ya maji, na kinachopitisha haraka mno hutupwa. Msijaribu kukiuza bila mtaalamu wa maji kuwa pamoja nanyi.

Kuhusu vumbi: udongo mkavu ukifagiwa huinua chembe za kwatzi ambazo zikiingia mapafuni miaka mingi hazitoki. Karakana ifutwe kwa kitambaa kilicholowa. Ufagio mkavu ukae nyumbani.

12. Bei, na nani atanunua

Mkichoma vyombo 20 na 5 vikapasuka, gharama ya 20 inabebwa na 15 vilivyobaki. Wengi husahau hesabu hiyo, pamoja na kuni, nauli ya udongo na jasho la kukanda, kisha wanashangaa mbona kikundi kinauza kila juma na mfuko uko mtupu. Andikeni kila kitu daftarini. Ada ya mwanafunzi itenganishwe na fedha za mauzo, mwalimu alipwe kwanza, na vunjeni bei kwa anayenunua vingi, si kwa anayejua kubembeleza.

Soko la chungu cha kupikia lipo kwa wanaosema maharagwe yana ladha nyingine humo. Soko la vyungu vya maua lipo kwenye hoteli za ufukoni na kwa watu wa mashirika. Lakini soko kubwa, kwa maoni yangu, liko kwenye majiko ya makala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalipa kiuno chembamba, na kulitia ndani kikombe cha udongo uliochomwa. Wafua bati wanatengeneza ganda, wafinyanzi wanatengeneza kikombe, na joto linabaki kwenye sufuria badala ya kupotelea ukutani. Mama anayenunua gunia la makala Kalemie anajua tofauti hiyo ina maana gani mwisho wa mwezi. Fundi wa mbabula wa soko lenu na kikundi chenu mnaweza kuanza jaribio kwa kikombe kimoja.

Mvua zikikatika mwezi wa Mei na kuni zikikauka, ndiyo majira ya kuchoma. Anayetaka kuwa na rundo tayari wakati huo aanze kukanda sasa, na amtafute yule mama kabla ya Jumamosi ijayo.